Kiboko Si Amfibia, Lakini Kwa Nini?

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya neno moja. Najua wako watakaosema kwamba kuandika kurasa nzima kwa ajili ya neno moja ni kupoteza karatasi, hasa wakati huu ambapo sisi wa Kidato cha Nne tunahesabu majuma yaliyosalia kabla ya mtihani. Lakini neno hili lilinikosesha alama mbili, na baadaye nusura litutie katika kosa kubwa kuliko la alama. Kwa hiyo nimeona si vema kunyamaza.

Neno lenyewe ni "amphibian" kwa Kiingereza, nasi katika Kiswahili tumelichukua tukalivika kanzu yetu, tukaliita amfibia. Jamaa yake ni "amphibious", neno ambalo Waingereza hulitumia kwa kila kitu cha majini na nchi kavu pia.

Nilipokuwa Kidato cha Pili tulipewa jaribio la Baiolojia. Swali moja lilitaka tutaje amfibia wawili na kutoa sababu. Nikaandika chura na kiboko. Sababu niliyotoa ilikuwa ile niliyoikariri tangu shule ya msingi, kwamba amfibia ni mnyama aishiye majini na nchi kavu. Daftari liliporudi, chura alikuwa amepata vema, na kiboko alikuwa amepigwa mkasi mwekundu. Wenzangu walicheka juma zima, na mpaka leo wako wanaoniita Kiboko ninapopita kwenda bwaloni.

Mimi sikuridhika. Nilimwendea mwalimu baada ya kipindi, nikamwambia, "Mwalimu, shikamoo. Naomba kuelezwa. Kiboko hushinda mtoni mchana kutwa, na usiku hutoka kwenda kula majani. Je, hayo si maji na nchi kavu?"

Mwalimu akaitikia, akatabasamu, akasema, "Swali lako ni zuri kuliko jibu lako. Nenda maktaba ukatafute neno hilo limezaliwa wapi, kisha urudi kwangu."

Nilikwenda. Haya ninayoyaandika ni baadhi ya niliyoyaona huko, na mengine nimeyaona kwa macho yangu katika dimbwi lililo nyuma ya bweni letu.

Neno hili ni la Kiyunani, yaani lugha ya Wagiriki wa kale. Limeungwa kwa vipande viwili. Cha kwanza ni "amphi", maana yake pande zote mbili, au vyote viwili. Cha pili ni "bios", maana yake uhai au maisha. Ukiviunganisha utapata maana ya mwenye maisha ya namna mbili. Kutoka kwa Wayunani neno likaingia katika Kilatini, na katika karne ya 17 likawa limekwisha kuingia katika vitabu vya Kiingereza.

Tazama sasa faida ya kukifungua kifurushi badala ya kukibeba kikiwa kimefungwa. Aliyekwisha kukijua kipande "bios" hataogopa tena neno baiolojia, kwani ni elimu ya uhai. Wala hatashangaa kuona kwamba Waingereza huita "biography" kitabu cha habari za maisha ya mtu, au kwamba dawa ya antibiotiki imeitwa hivyo kwa kuwa hupinga uhai wa vijidudu. Na aliyekijua kipande "amphi" ataelewa kwa nini mtungi wa kale wa Wayunani wenye mikono miwili, mmoja huku na mmoja huku, uliitwa "amphora". Ataelewa pia kwa nini uwanja wa michezo ulio na viti pande zote uliitwa "amphitheatre". Uwanja wa namna hiyo uko hata hapa kwetu, ndani ya Ngome Kongwe ya Unguja, ambamo watu hukaa kutazama ngoma na muziki. Neno moja limefungua matano, na hakuna lililohitaji kukaririwa usiku kwa tochi.

Nikaendelea kusoma nikakuta jambo lililonifurahisha sana. Mwaka 1758 mtaalamu wa Sweden aitwaye Carl Linnaeus alitoa chapa ya 10 ya kitabu chake kikubwa, Systema Naturae, ambamo aliwapanga wanyama wote aliowajua katika makundi na kuwapa majina ya Kilatini. Moja la makundi hayo aliliita Amphibia. Je, alimtia nani humo? Chura alikuwamo. Lakini walikuwamo pia mamba, kobe, mijusi na nyoka, na hata samaki wengine kama papa! Mtaalamu huyo hakuwapenda hata kidogo wanyama wa kundi hilo, akawaeleza kama viumbe wa baridi na wa kuchukiza.

Na kiboko je? Kiboko alimtia mahali pake panapostahili, miongoni mwa wanyama wanyonyeshao. Lakini tazama jina alilompa: Hippopotamus amphibius. Jina la kwanza ni la Kiyunani pia, nalo maana yake ni farasi wa mtoni. Jina la pili ni lile lile neno letu! Mtu mmoja, katika kitabu kimoja, alilitumia neno moja kwa namna mbili, na jina hilo la kiboko halijabadilika mpaka leo. Basi aliyecheka kiboko changu na acheke pia vitabu vya sayansi vya dunia nzima.

Ilichukua miaka mingi kulisafisha kundi hilo. Mwanzoni mwa karne ya 19 wataalamu wa Ufaransa, wakiwamo Alexandre Brongniart na Pierre André Latreille, walionyesha kwamba chura na jamaa zake si wamoja na nyoka, mamba na kobe. Hapo ndipo reptilia wakapata kundi lao, na amfibia wakabaki na lao.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Kwa nini kiboko ana jina la "amphibius", naye si amfibia? Jibu ni kwamba neno hili lina maana mbili, na sisi tumezichanganya.

Maana ya kwanza ni ya mahali. Kitu chochote kiwezacho kuwa majini na pia nchi kavu huitwa "amphibious" kwa Kiingereza cha kawaida. Kwa maana hiyo kiboko anastahili jina lake. Kwa maana hiyo hiyo lori liendalo barabarani na kuelea mtoni huitwa hivyo, na pia ndege iwezayo kutua uwanjani na juu ya maji. Hata vita huitwa hivyo, askari wanaposhuka kutoka melini na kuishambulia pwani. Vita vya namna hiyo vinavyotajwa sana ni vile vya Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944. Lakini hata hapa kwetu vilipiganwa. Mwezi wa Novemba 1914 majeshi ya Waingereza, ambayo askari wake wengi walitoka India, yalishuka Tanga kutoka baharini ili kuuteka mji huo uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Yalishindwa vibaya, yakarudi melini kwake baada ya siku chache.

Maana ya pili ni ya wakati, na hii ndiyo ya Baiolojia. Amfibia hakupewa jina lake kwa sababu anatembea huku na huku kama kiboko. Alilipata kwa sababu kwa kawaida ana maisha mawili yanayofuatana, moja baada ya jingine. Kiboko huzaliwa kiboko. Huvuta pumzi kwa mapafu siku aliyozaliwa, na huvuta pumzi kwa mapafu siku anapokufa. Akizama hana budi kuibuka. Mamba naye hutoka yaini akiwa mamba mdogo, ana mapafu yake na magamba yake. Kasa hutaga mayai mchangani, kama kule Kisiwa cha Mafia, na watoto wake hukimbilia baharini wakiwa na umbo lile lile la mama yao. Hao wote wamebadili mahali tu, maisha yao ni yale yale.

Lakini chura! Yai lake halina ganda gumu, nalo hutagwa majini. Anayetoka humo si chura, bali ni kiluwiluwi. Hana miguu, ana mkia. Hana mapafu ya kutumia, hupumua kwa matamvua kama samaki. Hula ukijani wa majini, na utumbo wake ni mrefu uliojiviringa. Kisha miguu ya nyuma huchomoza, halafu ya mbele. Mkia hunywea ndani ya mwili mpaka ukaisha. Mapafu hushika kazi ya matamvua. Hata utumbo hufupika, kwa maana yule aliyekuwa mla majani anakwenda kuwa mla wadudu. Ngozi yake hubaki laini na yenye unyevu, kwa kuwa huvuta pumzi kwa ngozi pia. Huyo kweli ameishi mara mbili kabla ya kufa.

Basi ile sentensi tunayokariri, kwamba amfibia ni mnyama aishiye majini na nchi kavu, ni nusu ya ukweli. Inatupa mahali, inatunyima wakati. Mtoto mwenye akili akiifuata sawasawa atafika kwa kiboko kama nilivyofika mimi, kisha atachekwa kwa kuwa amefikiri. Wenzake waliokariri majina ya chura na salamanda bila kufikiri watapata alama zote. Nasema hili si haki, wala si elimu.

Nilisema kwamba neno hili nusura litutie katika kosa kubwa. Sasa nitaeleza.

Katika masika ya mwaka huu maji ya mvua yalituama nyuma ya bweni letu yakafanya dimbwi. Siku moja ya usafi kiranja wetu akaona vitu vyeusi vinachezacheza majini, akasema, "Hivi ni viluwiluwi, ndivyo vinavyotuletea malaria. Leteni oili chafu tuimwage." Kiranja hakuwa na nia mbaya. Wanafunzi watatu wa bweni letu walikuwa wamelazwa kwa homa muhula ule, na kila mtu anajua kwamba mbu ni adui.

Kopo la oili likaletwa. Mimi nilikuwa nimeinama karibu na maji, nikaona kwamba vichwa vyake ni vikubwa vya mviringo, na nyuma vina mkia uliobapa. Nikasema, "Kaka kiranja, ngoja kwanza. Hawa si watoto wa mbu, hawa ni watoto wa chura." Akanijibu, "Viluwiluwi ni viluwiluwi." Na kwa kweli Kiswahili chetu kilikuwa upande wake, kwa kuwa neno kiluwiluwi twalitumia kwa mtoto wa chura, na tena twalitumia kwa mtoto wa mbu. Neno moja, viumbe wawili; mmoja atakua awe mla wadudu, na mwingine atakua awe mdudu mwenyewe wa kutuuma.

Tulibishana mpaka mwalimu wa zamu akaja. Alipotazama akasema oili irudishwe. Kisha akatuambia tutafute watoto wa mbu wa kweli, nasi tukawakuta hatua kumi tu kutoka pale, ndani ya tairi bovu na makopo yaliyotupwa nyuma ya jiko: vijidudu vyembamba kama uzi uliokatwa, vinaning'inia chini ya uso wa maji na kujikunjakunja vinapoguswa. Maji yale tuliyamwaga yote, na tairi likatobolewa. Viluwiluwi vichache vya dimbwini tuliviweka katika chupa ya kioo kwenye dirisha la maabara. Kila mwanafunzi aliyepita pale aliona miguu ikichomoza siku baada ya siku, na sidhani kama kuna mmoja wao atakayekosa tena swali lile.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa kupenda hoja, aliposikia maneno yangu akanikamata. Akasema, "Vema. Wasema amfibia ni mwenye maisha mawili yanayofuatana. Mbu huanza majini bila mabawa, kisha huruka hewani. Naye ana maisha mawili. Kwa nini mbu si amfibia?" Nakiri kwamba siku ile nilikosa jibu, nikarudi tena maktaba.

Jibu ni hili. Asili ya neno ni mlango, si nyumba nzima. Mlango hukuingiza, lakini ukiisha kuingia lazima utazame vyumba. Wataalamu walipolichukua neno la Kiyunani waliliwekea mipaka yao: amfibia ni mnyama mwenye uti wa mgongo, wa damu baridi, mwenye ngozi laini isiyo na magamba ya reptilia wala manyoya, ambaye mayai yake hayana ganda. Mbu hana uti wa mgongo, basi amekwisha kutoka. Leo amfibia waliokwisha kujulikana duniani ni zaidi ya aina 8,000, nao wako katika matawi matatu. Tawi kubwa mno ni la vyura. La pili ni la salamanda wenye mikia, ambao hawapatikani katika nchi zetu za kusini ya Sahara. La tatu ni la wale wasio na miguu, ambao mtu akiwaona shambani atadhani ni nyungunyungu wakubwa. Hawa tunao. Katika vilima vya Taita huko Kenya iko aina moja ambayo mama huotesha ngozi nene yenye mafuta, na watoto wake huibandua na kuila. Habari hiyo ilitangazwa na wataalamu mwaka 2006.

Tena wako amfibia ambao ukiwapima kwa asili ya neno peke yake utawakosa kabisa. Mfano bora uko katika nchi yetu wenyewe, nao ni chura wa Kihansi.

Chura huyu alionekana na wataalamu mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Ni mdogo sana, hazidi sentimeta 3, na rangi yake ni ya manjano. Aliishi katika sehemu ndogo mno, hekta chache tu, ambako maji ya maporomoko yalipiga miamba na kurusha manyunyu mchana na usiku. Jambo la ajabu ni kwamba hatagi mayai majini. Mama hubeba watoto tumboni, na wanapozaliwa ni vyura wadogo waliokamilika. Hakuna kiluwiluwi cha kuogelea! Tukisema amfibia lazima aanze maisha majini, chura wa Kihansi si amfibia. Lakini ni amfibia, kwa mwili wake, kwa ngozi yake na kwa ukoo wake.

Na ingawa hahitaji dimbwi, hawezi kuishi bila manyunyu. Wakati ule ule palikuwa pakijengwa bwawa la umeme wa megawati 180, umeme ambao nchi iliuhitaji sana. Bwawa lilipoanza kazi, karibu na mwaka 2000, maji mengi ya mto yalipelekwa kwenye mitambo, na korongo likakauka. Mwaka huo wa 2000 vyura karibu 500 walichukuliwa wakapelekwa Marekani, wakatunzwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, na baadaye katika ile ya Toledo pia. Huku nyumbani zikawekwa bomba za kunyunyiza maji korongoni, na kwa muda vyura wakaongezeka. Lakini mwaka 2003 walianza kufa kwa haraka, na ugonjwa wa ngozi uletwao na kuvu ukaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wametoweka porini. Mwaka uliofuata baadhi ya wale waliozaliwa ng'ambo wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi kwenyewe.

Sikulileta jambo hili ili kulaumu umeme. Mimi mwenyewe ninasoma usiku kwa taa ya umeme. Nimelileta kuonyesha kwamba kumjua mnyama si kujua neno la juu juu. Mtu akiuliza tu, "Je, huyu ni wa majini au wa nchi kavu?" atajibiwa kwamba ni wa nchi kavu, na atadhani maji ya mto hayamhusu. Kumbe uhai wake wote ulikuwa katika manyunyu.

Sasa nije kwenye maoni yangu yenyewe. Wako wenzangu wasemao kwamba dawa ni kulitupa neno amfibia na kutunga neno la Kiswahili safi. Mimi sikubali. Kiswahili hakijapata kuogopa maneno ya wageni. Kitabu, meza, shule na baiskeli yote yalikuja kutoka kwingine, na leo ni wenyeji. Kosa letu si kukopa neno, bali ni kukopa sanduku bila ufunguo. Wengine wasema, "Mtihani hauulizi asili ya maneno, kwa nini ujichoshe?" Hao nawajibu kwamba mtihani huuliza maneno kila ukurasa, na anayeyaelewa hujibu hata swali ambalo hakulikariri.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu.

La kwanza ni kwetu sisi wanafunzi. Tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na tulipoingia Kidato cha Kwanza tukatumbukizwa katika Kiingereza kama mtu anayefunzwa kuogelea kwa kusukumwa. Tumejiokoa kwa kukariri. Lakini kila mmoja wetu aweza kuwa na daftari dogo la maneno ya masomo, na mbele ya kila neno aandike vipande vyake na maana yake kwa lugha anayoielewa. Kuuliza si ujinga, na kufungua kamusi si aibu.

La pili nalisema kwa heshima kwa walimu wetu. Twajua kanuni ya shule kwamba darasani tuseme Kiingereza, nayo ni kanuni njema kwa kutuzoeza lugha. Lakini naomba neno jipya linapoingia, mwalimu apewe ruhusa ya kulieleza kwa Kiswahili kwa dakika tano, na mwanafunzi aruhusiwe kuuliza kwa Kiswahili bila kuandikwa jina. Nilipouliza habari za kiboko niliuliza kwa Kiswahili, tena nje ya darasa, kwa kuogopa. Je, ni maswali mangapi yanayokufa kila siku vinywani mwetu kwa sababu hiyo?

La tatu ni kwa mhariri wa gazeti hili. Naomba kila muhula patengwe nusu ukurasa wa neno moja, na mwanafunzi yeyote, hata wa Kidato cha Kwanza, aandike asili yake na maana yake.

Nitamaliza kwa jambo moja. Katika karne ya 17 alikuwako mganga wa Uingereza aitwaye Thomas Browne. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1643 alilichukua neno hili hili akamwita mwanadamu, kwa kuwa mwanadamu huishi katika ulimwengu zaidi ya mmoja, ule wa mwili na ule wa roho. Niliposoma hayo niliwafikiria wanafunzi wenzangu. Sisi nasi tuna maisha mawili: lugha ya nyumbani na lugha ya darasani. Wako wanaodhani kwamba ili kuipata moja lazima kuiua nyingine. Lakini kiluwiluwi hafi ili chura azaliwe. Ni mnyama yule yule, na nguvu alizozila majini ndizo zinazomwotesha miguu ya kupandia nchi kavu.

Wale wa chupani tuliwarudisha dimbwini walipomaliza mikia yao. Usiku hutupigia kelele mpaka wengine bwenini hulalamika. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, wala mimi hazinizuii kusoma. Alama zangu mbili sikurudishiwa, na sizidai tena. Mwenye maoni yaliyo tofauti na yangu na aandike katika toleo lijalo, nami nitafurahi kumsoma.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne